Je, Kiapo Peke Yake Chatosha Kumponya Mlevi?

Mwezi huu twataka kunena habari ya jambo linalotusumbua moyoni. Ni desturi yetu, mtu akishikwa na ulevi, kumsimamisha mbele ya watu na kumwapisha asionje pombe tena. Naye akianguka, twamtenga. Sisi wenyewe tumefanya hivyo. Walakini sasa twaona shaka.

Ndugu yetu mmoja, mnywaji wa miaka mingi, aliapa siku ya Jumapili, akaacha kabisa. Jumatatu mikono ilitetemeka. Jumanne akaanguka kifafa, na usiku akaona vitu visivyokuwapo. Wengine wetu walisema ni pepo, wengine wakasema ni imani haba. Kumbe, ni mwili uliozoea pombe, nao umenyimwa ghafula! Madaktari wajua ya kuwa hali hiyo yaweza kuua, tena ina dawa. Alipona kwa shida. Nasi tuliona haya, maana tulimhukumu mgonjwa.

Mambo ya kale nayo yatufundisha. Mwaka 1838, mjini Cork katika nchi ya Ireland, Padre Theobald Mathew alianza kuwaapisha watu waache ulevi, na kwa miaka michache wakaapa mamilioni. Kazi ile ilikuwa njema, lakini wengi hawakudumu. Mwaka 1935, mjini Akron huko Marekani, Bill Wilson na daktari Bob Smith, walevi wote wawili, walianza kusaidiana. Ndipo kikatokea chama cha walevi wanaokutana mara kwa mara, killa mmoja akijizuia siku moja moja. Hata njia hiyo haimfai killa mtu. Siku hizi ziko na dawa, kama naltreksoni, zipunguzazo hamu ya pombe.

Hatusemi kwamba kiapo ni bure, wala hatuusifu ulevi. Twasema hivi: kiapo ni mlango, si nyumba. Yule Msamaria hakumwapisha majeruhi. Alimfunga jeraha, akampeleka mahali pa kutunzwa, akaahidi kurudi.

Basi, ninyi mlio na mlevi nyumbani, mpelekeni kwa daktari kabla hajaacha ghafula. Msimwaibishe mbele ya watoto wake. Mwombeeni, mketi naye jioni, saa ile kiu impatapo. Naye akianguka, msimfungie mlango. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.