Mchoro Kabla ya Bango

Ndugu msomaji, mchoro ninaotaka kukueleza, ukiutupia jicho tu, utadhani mchoraji aliitwa chakula akauacha njiani. Ni kadibodi yenye mwanamke anayecheza densi, mguu mmoja kauinua juu, na kando yake kadibodi tupu. Aliyeuchora ni Henri de Toulouse-Lautrec wa Ufaransa, mwaka wa 1893. Mchezaji ni Jane Avril.

Lautrec alizaliwa Albi mwaka wa 1864 katika ukoo wa makabaila. Alivunjika paja moja akiwa na miaka 13, la pili akiwa na 14, na miguu ikakataa kurefuka. Alipokuwa mtu mzima, usiku ungemkuta katika kumbi za densi za Paris, penseli mkononi. Jane naye hakulelewa kwa raha. Akiwa msichana alilazwa Salpêtrière, hospitali ya Paris, kwa ugonjwa wa neva.

Sasa, kwa nini mtu achore kitu kimoja mara mbili? Mchoro huu ulikuwa matayarisho ya bango, na mabango yale yalichapwa kwa jiwe. Unachora juu ya jiwe kwa kalamu ya mafuta, unalilowesha maji, kisha unapitisha wino. Wino hushika penye mafuta na kukataa penye maji. Kila rangi ina jiwe lake, tena picha hutoka kinyume, kulia ikawa kushoto. Kufuta jiwe si kama kufuta ubao, jamani! Ndiyo maana alilimaliza tatizo la umbo kwanza kwenye kadibodi. Rangi ya mafuta aliizimua kwa tapentaini, kadibodi ikainywa, ikakauka upesi.

Mwenzangu mmoja darasani alisema mchoro haujakamilika. Mimi nakataa katakata. Kwenye bango, Lautrec aliongeza jukwaa, na mbele akaweka mkono wa mpigaji na shingo ya fidla kubwa, ambayo mstari wake unazunguka ukawa fremu. Werevu mtupu! Lakini kwenye kadibodi hakuna cha kukupumbaza, ni Jane peke yake. Mguu uko hewani, uso hautabasamu hata kidogo.

Na uso huo wa huzuni aliupeleka vivyo hivyo kwenye bango lililotakiwa kuvuta wateja waingie Jardin de Paris. Je, Jane alikasirika? La hasha! Mwaka wa 1899 alimwagiza Lautrec amchoree bango lingine.