Bomba la Moshi Likitoboka, Afya Iko Hatarini

Mwaka 1973 wazee wetu walikaa katika vikundi vya kampeni ya Mtu ni Afya. Walisikiliza redio, wakasoma, wakajadiliana. Kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Walijifunza kuwa magonjwa mengi yanaweza kuzuiwa na mwananchi mwenyewe. Siku hizo pikipiki zilikuwa chache vijijini. Leo ni nyingi. Basi leo tujifunze juu ya bomba la moshi la pikipiki, ambalo mafundi huliita ekzosi.

Tuseme kuna ndugu mmoja hapa Mitwero, nje kidogo ya mji wa Lindi. Anabeba abiria na samaki kwa pikipiki. Bomba lake limetoboka. Yeye husema, "Inapiga kelele tu, lakini inatembea." Usiku huiingiza pikipiki ndani kwa kuogopa wezi. Alfajiri huiwasha humo humo ili injini ipate moto. Mkewe na mtoto wamelala chumba cha pili. Milango na madirisha yamefungwa. Je, kosa liko wapi?

Kwa nini bomba hutoboka?

Bomba huliwa na kutu. Kutu huja kwa njia mbili. Kwanza, hutoka nje. Huku pwani upepo wa bahari una chumvi. Maji ya samaki yanayodondoka kutoka kwenye tenga nayo yana chumvi. Pili, hutoka ndani. Petroli ikiungua hutoa mvuke. Safari ikiwa fupi, bomba halipati moto wa kutosha. Mvuke hugeuka maji, na maji hubaki ndani ya bomba.

Moshi unaua

Moshi wa petroli una gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hii haionekani wala hainuki. Mtu akiivuta huingia katika damu na kukaa mahali pa oksijeni. Hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kwa hiyo mwili hukosa hewa hata kama mtu anapumua.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea na kuchanganyikiwa. Mtu aliyelala huenda asizione dalili hizi. Anaweza kufa usingizini. Mama mjamzito na mtoto mchanga wako katika hatari kubwa zaidi.

Barabarani upepo huutawanya moshi. Ndani ya nyumba moshi hauna pa kwenda. Hata bomba zima hutoa sumu hii. Kwa hiyo usiwashe pikipiki ndani, hata kwa dakika chache. Isukume nje kwanza, mbali na madirisha, ndipo uiwashe.

Ukimkuta mtu amezidiwa na moshi, fungua milango, zima injini, mtoe nje. Mpeleke hospitali upesi. Huko atapewa oksijeni. Maziwa hayaondoi sumu hii.

Masikio na miguu

Bomba zima hupunguza kelele. Likitoboka, kelele huzidi. Ukilazimika kupiga kelele ili mtu aliye karibu nawe akusikie, ujue masikio yako yanaumia. Sehemu ya ndani ya sikio ikiharibika kwa kelele haiponi. Kwa hiyo wanaotoboa bomba kwa makusudi ili pikipiki ingurume wanajiletea uziwi.

Tundu pia hutema hewa ya moto sana. Huweza kumchoma abiria mguuni au kuunguza khanga yake. Mtu akiungua, mwagia sehemu hiyo maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta, chumvi wala majivu. Usitumbue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi, kisha nendeni kwenye zahanati.

Namna ya kutengeneza

1. Subiri bomba lipoe kabisa.

2. Tafuta tundu. Panapovuja huwa na alama nyeusi ya masizi. Kama huoni, paka maji ya sabuni juu ya bomba la baridi, kisha washa injini nje kwa muda mfupi. Mapovu yataonyesha tundu lilipo.

3. Angalia vizuri. Mabomba mengi yana kitundu kidogo upande wa chini, kilichowekwa kiwandani kwa kutoa maji. Hicho usikizibe.

4. Kama fundi yuko mbali, zungushia kipande cha kopo la bati na ukikaze kwa waya. Usitumie kitambaa, plastiki wala mpira. Vitu hivyo huungua. Hii ni dawa ya safari moja tu.

5. Mpelekee fundi wa kuchomelea. Bomba lifunguliwe na kuchomelewa mbali na pikipiki, kwa sababu tangi lina petroli.

6. Fundi asitumie kipande cha bati la kuezekea. Bati hilo limepakwa zinki. Zinki ikiungua hutoa moshi unaoleta homa na kutetemeka saa chache baadaye. Fundi anaweza kudhani ni malaria. Hata hivyo, mwenye homa akapime.

7. Kama kutu imekula sehemu kubwa, nunua bomba jingine. Kiraka hakishiki juu ya kutu.

Ili bomba lidumu, lioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila ubebapo samaki. Ngoja kwanza lipoe.

Ndugu msomaji, yule ndugu wa Mitwero alidhani ana tatizo la kelele. Kumbe alikuwa akiwawekea sumu mkewe na mtoto. Kagua bomba lako leo. Ziba tundu likiwa dogo. Na kila alfajiri, pikipiki itangulie nje.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini hatuwezi kuitambua gesi ya sumu kwa macho au pua?
2. Katika kijiji chenu, pikipiki hulazwa wapi usiku? Mfanye nini ili zisiwashwe ndani?
3. Mtu akiungua kwa bomba, afanyiwe nini kwanza?