Injini Ndogo Isiyokwenda, na Namna ya Kuitafuta Kasoro Yake

Wasikilizaji na wasomaji wetu, leo tumekusudia kueleza jambo ambalo wengi huliona kuwa mchezo wa watoto, lakini ndani yake mna elimu ya kweli. Mtu amepata injini ndogo, mfano wa treni, iendeshwayo kwa umeme juu ya reli ndogo mezani, nayo haiendi. Pengine ameletewa na ndugu aliyesafiri, pengine ameinunua kwa fedha chache katika marundo ya mitumba. Je, aitupe? Aivunje apate sumaku iliyomo? Au aweza kuitengeneza, ingawa hajapata kuwa fundi? Sisi twasema aweza, mradi afuate utaratibu. Na utaratibu huo ndio tutakaoueleza.

Twawafikiria hasa watu wa Gulwe, katika wilaya ya Mpwapwa, kwa sababu wao wamekaa kando ya reli tangu siku za babu zao. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, ikapita katika nchi ya Ugogo, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Upana wa njia hiyo, yaani nafasi iliyo kati ya reli mbili, ni milimita 1,000. Siku hizi ipo na reli mpya, yenye upana wa milimita 1,435, ambayo treni zake huendeshwa kwa umeme. Safari zake kati ya Dar es Salaam na Dodoma zilizinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti 2024. Basi mtoto wa Gulwe aonapo injini ndogo mezani haoni mgeni. Aona jirani yake wa siku zote, aliyepunguzwa kimo.

Tena amepunguzwa kwa hesabu. Mifano mingi hufanywa kwa kipimo cha 1 kwa 87, maana yake kila sentimita 87 za kitu chenyewe huwa sentimita 1 katika mfano. Gawanyeni 1,435 kwa 87, mtapata karibu 16.5, na kweli reli za mifano hiyo zina upana wa milimita 16.5. Mwalimu wa hesabu aweza kuwapa wanafunzi wake zoezi hilo hilo.

Kabla ya kushika bisibisi, yapasa kujua umeme unakopita. Treni kubwa ya umeme huupokea umeme kwa mkono ulio juu ya paa lake, ambao hugusa waya uliotandazwa juu ya njia. Umeme ukiisha kufanya kazi hurudi kwa reli. Injini ndogo kwa kawaida haina waya wa juu. Umeme huja kwa reli moja, hupanda kwa magurudumu ya upande mmoja, hupita katika mota, hushuka kwa magurudumu ya upande wa pili, na hurudi kwa reli ya pili. Ni mviringo mmoja. Ukikatika mahali popote, hata kwa nafasi nyembamba kama karatasi, injini husimama. Kazi ya mtengenezaji si kuibomoa injini yote, bali kutafuta mahali mviringo ulipokatika.

Hapo hatuna budi kutoa onyo. Injini ndogo nyingi hutumia volti 12 au chini yake, nguvu isiyoweza kumdhuru mtu. Umeme wa nyumbani ni volti 230, nao huua. Waya wa juu wa reli mpya una volti 25,000, nao huweza kumpiga mtu hata kabla hajaugusa. Mtoto asithubutu kamwe kuunga injini yake na umeme wa ukutani, wala kupanda juu ya nguzo au behewa penye waya ule. Kwa majaribio yote tutakayoyataja, betri ndogo ya volti 9 na vipande viwili vya waya vyatosha.

Sasa tuanze kazi. Jambo la kwanza ni kuchunguza njia kabla ya injini. Watu wa Gulwe wanalijua jambo hili vema. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2010 mafuriko yaliharibu reli ya zamani kati ya Kilosa na Gulwe, na treni zikazuiliwa. Injini hazikuwa na ugonjwa; njia ndiyo iliyougua. Hata juu ya meza mambo huwa hayo hayo. Tazama kama vipande vya reli vimeungana barabara, kama waya utokao kwenye chombo cha umeme umekaza, na kama juu ya reli pana uchafu. Nchi ya Dodoma ina vumbi jingi wakati wa kiangazi, na vumbi likichanganyika na mafuta huwa utando mweusi uzuiao umeme. Uondoe kwa kitambaa safi kilicholoweshwa spiriti kidogo, mbali na moto. Msasa haufai, kwa kuwa huacha mikwaruzo, na uchafu hupata kiota ndani yake.

Njia ikiwa safi na injini ingali kimya, iondoe relini, uilaze chali juu ya kitambaa laini. Chukua betri ya volti 9. Waya mmoja uguse gurudumu la kulia, na wa pili uguse gurudumu la kushoto, lakini yawe magurudumu yale yanayopokea umeme. Injini nyingine hupokea kwa magurudumu machache tu. Kwa hiyo jaribu mawili mawili, hata uyamalize yote. Magurudumu yakizunguka, injini ni nzima, na kasoro imo katika njia, waya au chombo cha umeme. Geuza nyaya, nayo itazunguka kwa upande wa pili. Hivyo ndivyo injini ya namna hii iendavyo mbele na nyuma. Zisipozunguka gurudumu hata moja, safisha magurudumu kwa pamba yenye spiriti kisha ujaribu tena, maana aghalabu dawa ni hiyo tu.

Lakini yapo ya kuangaliwa. Injini za miaka ya karibuni huweza kuwa na kibao cha elektroniki ndani yake, kingojacho amri kabla ya kuruhusu mota. Hizo haziwezi kuhukumiwa kwa betri peke yake. Tena zipo injini, kama nyingi za Märklin wa Ujerumani, ambazo hupokea umeme kwa kipande cha chuma kilicho chini ya tumbo, na magurudumu yake ya kulia na ya kushoto yameungana. Hizo zina utaratibu wao. Basi yafaa kusoma maandishi yaliyo chini ya injini au katika sanduku lake kabla ya kuijaribu.

Jaribio la betri likishindwa, ndipo tunapofungua. Weka sahani nyeupe mezani, na kila skurubu itokapo itiwe sahanini kwa mpango wa kutoka kwake. Kabla ya kuondoa kitu chochote, chora picha yake katika daftari, au upige picha kwa simu. Anayefungua bila kuandika huwa kama mpishi aliyesahau alichotia chunguni. Tena angalia: baadhi ya vifuniko havina skurubu, bali vimeshikwa kwa vijino vya plastiki, ukivilazimisha vitavunjika.

Injini ikiisha kuvuliwa kifuniko, gusa mota yenyewe kwa nyaya za betri, mahali pale umeme unapoingia. Jaribio hili lagawanya matatizo yote mafungu mawili. Mota ikizunguka, kasoro imo kati ya magurudumu na mota: pengine waya umekatika, pengine lehemu imeachia, pengine ulimi mwembamba wa shaba ugusao gurudumu umepinda na kuliacha. Ulimi uliopinda hurudishwa taratibu kwa ncha ya kijiti, hata uguse gurudumu kidogo tu. Ukiubana mno utakuwa breki.

Mota isipozunguka, usiendelee kuishika kwa umeme zaidi ya sekunde chache. Umeme unaoingia bila kufanya kazi hugeuka joto, nao huunguza varnishi iliyopakwa juu ya nyaya nyembamba za ndani. Hapo mota itakuwa imekufa kweli. Badala yake, izungushe kwa kidole. Ikigoma, pana kitu kimeishika. Grisi ya zamani hukauka ikawa ngumu kama nta. Unywele au uzi wa zulia hujiviringisha katika mhimili. Gia ya plastiki hupasuka. Ondoa grisi iliyokauka kwa kijiti cha kuchokolea meno, na nyuzi kwa kibano chembamba. Gia iliyopasuka haina dawa ila kubadilishwa.

Tuzieleze gia kidogo, kwa sababu zina somo. Katika injini ndogo nyingi, mota huzungusha parafujo, na parafujo huzungusha gia ya gurudumu. Parafujo yaweza kuzungusha gia, lakini gia kwa kawaida haiwezi kuizungusha parafujo. Ndiyo maana injini ya namna hiyo ikisimama mlimani hairudi nyuma, na ndiyo maana haifai kuisukuma kwa mkono: meno yatavunjika. Injini kubwa sivyo ilivyo. Magurudumu yake yaweza kuzunguka yenyewe mtelemkoni, na kinga yake ni breki. Watu wa nchi hii hawajasahau siku ya tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliporudi nyuma mtelemkoni huko Igandu, si mbali na Gulwe, ikagongana na treni ya mizigo, na watu 281 wakapoteza maisha. Basi ajifunzaye kwa mfano na ajifunze pia mahali ambapo mfano huachana na kitu chenyewe. Anayeijua injini ya mezani asidhani ameijua injini ya njiani.

Turudi kwenye mota. Ikiwa yazunguka laini kwa kidole lakini umeme hauisogezi, tazama vipande viwili vidogo vya kaboni vinavyobanwa kwa springi. Kazi yake ni kuutia umeme katika pete ya shaba iliyogawanyika sehemu kadhaa, iitwayo komuteta, ambayo huzunguka pamoja na mota. Komuteta huubadili upande wa umeme kila inapozunguka, ili sumaku iendelee kuvuta na kusukuma bila kukoma. Kaboni zikiisha, au pete ikifunikwa na masizi, umeme hauingii. Toa kaboni kwa uangalifu, huku umekinga kidole, kwa kuwa springi hizo huruka kama panzi. Futa pete kwa pamba yenye spiriti mpaka shaba ing'ae, na mianya iliyo katikati ya sehemu zake uisafishe kwa kijiti, kwa sababu masizi yakijaa humo huunganisha pasipotakiwa kuunganishwa. Sumaku usiiondoe pasipo sababu; za zamani hupungua nguvu zikitolewa mahali pake.

Mwisho ni mafuta. Hapa wengi huharibu walichokwisha kutengeneza. Tone moja, lililochukuliwa kwa ncha ya sindano, latosha kila mwisho wa mhimili. Mafuta mepesi, kama yale ya cherehani, yafaa kwa chuma. Gia za plastiki zataka mafuta ambayo chupa yake yasema hayadhuru plastiki. Mafuta ya kupikia hayafai kabisa, maana baada ya miezi michache hugeuka gundi. Wala komuteta isitiwe mafuta. Hushika masizi, na kazi yote itarudiwa.

Kisha rudisha kila kitu kwa kufuata picha zako, ukianza na kilichotoka mwisho. Baada ya kila hatua gusisha betri tena. Usibadili mambo mawili kwa mara moja. Kwa kuwa injini ikienda hutajua ni lipi lililoiponya, na ikigoma hutajua ni lipi lililoizuia.

Labda mzazi atauliza: mtoto atapata faida gani kwa kuhangaika na kitu kidogo hivyo? Twamjibu hivi. Injini za dizeli zinazovuta treni katika reli ya zamani zina mtambo wa dizeli unaozalisha umeme, na umeme huo ndio unaozungusha mota zilizo kwenye mihimili ya magurudumu. Treni za reli mpya nazo huendeshwa kwa mota. Pampu ya kisima iendeshwayo kwa umeme wa jua ina mota, na feni ya zahanati ina mota. Vyombo hivyo havikutengenezwa sawasawa, na vingi havina kaboni wala komuteta. Lakini njia ya kutafuta kasoro ni ile ile: anza na lililo rahisi, gawanya tatizo mafungu mawili, jaribu, andika, kisha endelea. Pampu ya kijiji ikisimama, mara nyingine huwekwa kando miezi mingi kwa ajili ya waya mmoja uliolegea, na akina mama hurudi kuchota maji mbali. Kijiji chenye kijana aliyezoea kuuliza "mviringo umekatika wapi?" kina akiba njema.

Watoto wetu tangu zamani wamejua kuunda magari kwa waya na makopo, na hakuna aliyewafundisha. Mikono wanayo. Wakipewa na utaratibu, hawatashindwa na injini ya mezani. Kwa leo twaishia hapa. Atakayetaka kujaribu, na aanze kwa kufuta reli.