Hodi Isiyohitaji Bando

Soko la Toi halina ukimya. Kuanzia upande wa Adams Arcade hadi mipakani mwa Kibera, wauza mitumba wanaita bei tangu asubuhi, cherehani zinakimbia, na matatu za Barabara ya Ngong zinapiga honi. Anayeishi kwenye ploti za karibu anaijua taabu ya mgeni wake: atabisha hodi, atagonga geti la mabati, kisha ataondoka akidhani hakuna mtu. Kumbe mwenyeji alikuwa ndani, macho wazi, ila hakusikia.

Kwa mtu asiyesikia kabisa, taabu hiyo ni ya kila siku. Katiba ya Kenya ya 2010 inaitaka serikali iendeleze Lugha ya Ishara ya Kenya, lakini getini mgeni bado anabisha kwa sauti. Simu inayotetemeka mfukoni, au taa inayowaka na kuzima ukutani, inaweza kumfikishia hodi mtu huyo. Ndiyo sababu ninaona kengele inayotuma arifa kwenye simu inastahili kueleweka na watu wa ploti, si wenye majumba pekee.

Kengele ya umeme ni ya zamani. Mwaka 1831, Joseph Henry wa Marekani alionyesha jinsi umeme uliopita kwenye waya mrefu unavyoweza kuisukuma sumaku ya mbali ikagonga kengele. Ya leo inafanya kazi ileile, isipokuwa badala ya kugonga chuma inatuma ujumbe. Getini kuna kibonyezo. Nyuma yake kuna chipu ndogo yenye redio ya waifai, kama ESP8266 au ESP32 za kampuni ya Espressif ya Shanghai. Kibonyezo kikibanwa, chipu huipa ruta ujumbe wa maneno machache: geti, saa fulani. Ruta huufikisha kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, au hata kompyuta kuukuu iliyoachwa kabatini, na hiyo huusambaza kwa simu zote zilizojiandikisha kuupokea.

Utaratibu unaotumika sana kwa usambazaji huo unaitwa MQTT. Ulibuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, mahali ambapo mawasiliano yalikuwa ghali na hafifu. Kwa kuwa ulizaliwa katika uhaba, unazifaa nyumba zetu: ujumbe wake ni mwepisi, na hauhitaji mashine kubwa.

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi. Kengele nyingi za dukani hazizungumzi na simu yako moja kwa moja. Mtu akibonyeza getini, habari husafiri hadi seva za mtengenezaji ng'ambo, kisha hupitia Google au Apple, ndipo irudi kwenye simu iliyo hatua tano kutoka mlangoni. Bando likiisha, au waya wa intaneti ukikatwa mtaroni, mgeni atabonyeza bure.

Haikulazimika kuwa hivyo. Ruta haihitaji intaneti ili kupeleka ujumbe kutoka getini hadi chumbani. Intaneti ni barabara ya kutoka nje ya mtaa. Waifai ya nyumbani ni ua wa ndani, na uani watu huitana bila kupita barabarani. Kibera penyewe pana mfano: TunapandaNET, mtandao wa kijamii unaounganisha shule na vituo vya vijana, umewawezesha wanafunzi kufungua masomo yaliyohifadhiwa kwenye seva ya hapo hapo mtaani.

Kuna vikwazo vya kujua kabla ya kununua chochote. Ukitumia waifai ya pamoja ya ploti, au ile ya kulipia kwa saa, mara nyingi mwenye mtandao ameizuia simu ya mmoja isikione kifaa cha mwingine. Ni ulinzi mzuri, lakini kengele yako haitaiona simu yako. Tafuta ruta yako mwenyewe, hata isiyo na intaneti. Simu ya Android ikiuliza kama ibaki kwenye waifai isiyo na intaneti, kubali. Kisha iruhusu programu ya arifa ifanye kazi wakati wote, la sivyo simu itailaza ili kuokoa chaji. Kwa iPhone ni vigumu zaidi, maana arifa zikiwa programu imefungwa hupitia kwa Apple.

Mabati nayo huzuia mawimbi, kwa hiyo weka ruta karibu na dirisha au mlango wa mbao. Kumbuka ESP8266 husikia masafa ya gigahezi 2.4 pekee. Chipu ilishwe kwa chaja ya simu ya volti 5 kupitia bodi yake, wala waya wa stima ya volti 240 usikaribie kibonyezo kinacholowa mvua. Stima ikipotea, ruta, chipu na kompyuta vyote vinahitaji betri. Kimoja kikizimika, vingine havisaidii. Pawabenki nyingine hujizima zikiona kifaa kinavuta umeme kidogo mno, basi ijaribu usiku kucha kwanza.

Tuseme sasa mama anauza nguo za watoto Toi na nyumba yake iko Kawangware. Mtoto akirudi shule na kubonyeza kengele, waifai ya nyumbani haifiki sokoni. Hapo intaneti inahitajika, au kifaa chenye laini ya simu kinachotuma ujumbe mfupi wa kawaida. Lakini hiyo iwe njia ya pili. Jirani anayebaki ploti apate arifa kwanza, kwa njia ya ndani.

Mpangilio huo una uzito zaidi ya hodi. Soko la Toi limeungua zaidi ya mara moja, ikiwemo Machi 2019 na Juni 2024. Huko Cape Town, vifaa vya Lumkani hupima joto linalopanda ghafla badala ya moshi, kwa kuwa nyumba za mabati zina moshi wa kupikia kila siku. Kimoja kikilia, huamsha kwa redio vya nyumba za jirani. Ni busara ileile: aliye karibu ajue kwanza, kwa sababu ndiye anayeweza kufika na ndoo ya maji.

Kuhusu kamera, fikiri mara mbili. Kwenye ploti, kamera ya mlangoni kwako huona pia mlango wa jirani na bomba la wote, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kibonyezo hakichukui sura ya mtu. Na seva yako, yaani ile kompyuta inayosambaza ujumbe, iwekee nywila, ili mgeni wa waifai asijue ni saa ngapi kengele hulia bila kuitikiwa.

Ukimaliza kufunga, usimlipe fundi kabla ya jaribio moja. Chomoa waya wa intaneti, zima data kwenye simu, toka nje, ubonyeze kengele. Simu ikitetemeka, hodi yako imefika. Isipotetemeka, mwambie fundi kazi haijaisha.