Nauli Isiwe Usaili wa Kwanza

Kijana wa Mtera, penye bwawa la umeme mpakani mwa Dodoma na Iringa, akiitwa kwenye usaili Dodoma mjini aweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Mwenzake wa Kigoma au Mtwara husafiri kutwa nzima au zaidi, kisha akalipia na chumba. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huwataka wasailiwa wote wajigharamie usafiri, chakula na malazi. Sharti ni moja, mzigo si mmoja.

Binti akisindikizwa na maharimu wake, nauli huwa ya wawili. Asiyeimudu hukosa kazi kabla hajaulizwa swali.

Sekretarieti imekwisha kufanya baadhi ya usaili mikoani, nasi tunaipongeza. Tunaomba huo uwe ndio utaratibu wa kawaida, na wito utolewe mapema ili familia zijipange. Waajiri binafsi nao wawalipie nauli wanaowaita kutoka mbali.

Nasi tuna wajibu wetu. Familia za Dodoma ziwapokee wageni hawa, na misikiti iwaunganishe. Kumkirimu msafiri ni katika mafundisho ya dini yetu.