Kinga ya nakala na kikomo cha uamilishaji katika gemu za kompyuta

Kinga ya nakala ni njia yoyote ya kiufundi inayotumiwa na mtengenezaji wa gemu ya kompyuta ili gemu hiyo isinakiliwe wala kuchezwa na mtu ambaye hakuilipia. Kikomo cha uamilishaji ni aina mojawapo ya kinga hiyo. Gemu yenye kikomo hukubali kufunguliwa mara chache tu au kwenye kompyuta chache tu, kwa mfano 3 au 5. Baada ya hapo hukataa, hata kama anayeifungua ndiye aliyeinunua. Kuamilisha maana yake ni gemu kuwasiliana na seva ya kampuni kwa njia ya intaneti na kupewa ruhusa ya kufanya kazi.

Kinga ya konsoli kama PlayStation ni jambo tofauti, kwa kuwa huko ulinzi umo ndani ya mashine yenyewe.

Historia

Katika miaka ya 1980 gemu ziliuzwa kwenye kanda na disketi, na kuzinakili ilikuwa kazi ya dakika chache. Watengenezaji walitegemea karatasi: gemu ilimuuliza mchezaji neno fulani lililo katika ukurasa fulani wa kijitabu chake. The Secret of Monkey Island ya mwaka 1990 ilikuja na gurudumu la karatasi lenye sura za maharamia; mchezaji alilizungusha ili kupata jibu. Mashine ya fotokopi ilitosha kuishinda kinga ya namna hiyo.

CD ilipoenea, zikaja programu kama SafeDisc na SecuROM. Hizi zilitafuta kwenye diski alama ambazo mashine za kawaida za kuchoma CD hazikuweza kuzinakili sawasawa. Mchezaji alilazimika kuweka diski kila alipotaka kucheza, na diski ikikwaruzika, basi. SafeDisc pia ilijipenyeza ndani sana ya mfumo wa Windows. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015 haikuiruhusu tena kwa sababu za usalama, hivyo diski nyingi halali zikaacha kufanya kazi bila wenyewe kukosea lolote.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuhesabu. BioShock, iliyotoka Agosti 2007, iliruhusu uamilishaji mara 2 tu. Baada ya malalamiko kikomo kilipandishwa hadi 5, na Juni 2008 kikaondolewa. Mwaka huohuo wa 2008 kampuni ya Electronic Arts ilitoa Spore ikiwa na kikomo cha kompyuta 3. Wanunuzi waliijaza tovuti ya Amazon tathmini za nyota moja, kesi zikafunguliwa Marekani, na kikomo kikapandishwa hadi 5. Baadaye kampuni ikatoa programu ndogo ya kumrudishia mnunuzi nafasi aliyokwisha kuitumia. Pamoja na ulinzi wote huo, Spore ilikuwa miongoni mwa gemu zilizosambazwa zaidi kwa wizi mwaka ule. Aliyeipata kwa wizi alipata nakala iliyokwisha kuvunjwa kinga, isiyohesabu chochote. Kikomo kilimbana aliyelipa peke yake.

Jinsi hesabu inavyofanyika

Gemu inapofunguliwa mara ya kwanza, husoma utambulisho wa vifaa vya kompyuta, kama diski kuu, kadi ya picha na ubao mkuu, kisha huvigeuza kuwa namba moja ndefu. Namba hiyo hutumwa kwenye seva pamoja na namba ya leseni iliyo kwenye kasha. Seva hufanya kazi kama karani mwenye daftari: huangalia leseni hiyo imekwisha kuandikishwa kwa kompyuta ngapi, huongeza moja, kisha hurudisha ruhusa inayohifadhiwa ndani ya kompyuta. Kifaa kikubadilishwa, namba huweza kubadilika, na karani huona kompyuta mpya. Kufomati nako kunaweza kuifuta ruhusa iliyohifadhiwa.

Kwa hiyo kikomo hakihesabu watu wala nakala. Kinahesabu mabadiliko ya mashine, na hapo ndipo penye kasoro kubwa.

Mazingira ya Afrika Mashariki

Kasoro hiyo huonekana wazi zaidi mahali ambapo kompyuta hutengenezwa mara nyingi badala ya kubadilishwa. Chukua mfano wa mkazi wa Kirumba, kata ya jijini Mwanza inayojulikana kwa uwanja wa CCM Kirumba na soko la samaki la Mwaloni. Ananunua kompyuta ya mitumba na DVD halali ya gemu yenye kikomo cha 3. Anaiamilisha: moja. Virusi vinaingia kupitia flashi, fundi anafomati: mbili. Umeme unakatika na kurudi kwa nguvu, ubao mkuu unaungua na kubadilishwa: tatu. Akiamua kumuuzia jirani DVD hiyo, anamuuzia kasha tupu. Mchezaji wa Ulaya mwenye kompyuta mpya angeweza kukaa miaka kadhaa asifike hapo.

Mawasiliano nayo yalikuwa kikwazo. Mwaka 2008, Spore ilipotoka, Tanzania ilikuwa bado inategemea zaidi setilaiti kwa intaneti ya nje. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009. Hata leo, anayenunua bando la simu kwa siku au kwa wiki hulipia kwa megabaiti kila mawasiliano ya gemu na seva.

Sheria

Tanzania Bara hutumia Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, ambayo inazilinda programu za kompyuta kama kazi za maandishi. Kuuza gemu iliyovunjwa kinga ni kosa, iwe mnunuzi anajua au hajui. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003, na Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Stika ya hakigram iliyosimamiwa na COSOTA, na stempu za kodi zilizoanza mwaka 2013, zililenga muziki na filamu. Gemu za kompyuta hazikuwekewa alama ya aina hiyo. Alama ya dukani ina faida moja ambayo kikomo hakina: mnunuzi huiona kabla ya kutoa fedha.

Baada ya kikomo

Maduka ya mtandaoni kama Steam, iliyoanza mwaka 2003, yalipunguza haja ya kuhesabu mashine kwa kuifunga gemu kwenye akaunti ya mtu. Mchezaji akipata kompyuta nyingine huingia kwa nywila yake na kupakua upya, ingawa gemu ya gigabaiti 50 ni mzigo mzito kwa bando la kawaida, na akaunti haiuzwi wala kurithishwa. GOG, iliyoanza mwaka 2008, huuza gemu zisizo na kinga kabisa: mtu akishapakua faili anaweza kulihifadhi na kucheza bila intaneti. Kwa upande mwingine, kinga ya Denuvo, iliyotumika mara ya kwanza katika FIFA 15 mwaka 2014, bado hutumia uamilishaji wa mtandaoni.

Swali lililobaki ni la seva kuzimwa. Mwaka 2010 kampuni ya Ubisoft ilitaka Assassin's Creed II iwe kwenye intaneti muda wote wa kucheza. Machi mwaka huo seva zilishindwa na wanunuzi wakafungiwa nje. Kampuni hiyohiyo ilizima seva za The Crew tarehe 31 Machi 2024, na gemu hiyo ikaacha kuchezeka hata kwa mwenye diski. Kutokana na malalamiko ya aina hiyo, jimbo la California lilipitisha sheria, iliyoanza kutumika Januari 2025, inayolitaka duka la mtandaoni limweleze mnunuzi waziwazi kwamba anachopata ni leseni, isipokuwa pale anapoweza kupakua nakala ya kudumu ya kutumia bila intaneti.