Waranti haingoji korona iishe: Nilichojifunza kwa gari-nyumba la anti

Ilikuwa Julai 2020, saa nane usiku, simu yangu ikalia. Mtaani kafyu, kimya hadi unasikia friji ya jirani. Moyo ulishtuka, maana mwaka ule simu ya usiku haikuwa na habari nyingine ila msiba. Kumbe ni anti yangu, mdogo wake mama, anayeishi viungani mwa Dallas, Texas. Kwao ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Alikuwa ameketi kwenye maegesho ya hospitali, imebaki saa moja aingie zamu.

“Wewe si unajua mambo ya kompyuta?” akaniuliza bila hata salamu. “Nyumba yangu inavuja, na waranti inaisha wiki nne zijazo.”

Nyumba yenyewe ilikuwa na magurudumu.

Hebu nikueleze vizuri. Anti ni muuguzi. Agosti 2019 yeye na anko walinunua gari-nyumba jipya, lile Wamarekani huliita RV. Mbele ni usukani na injini kama ya lori dogo, nyuma ni kitanda, jiko, friji, choo na bafu. Mpango ulikuwa kuwatembeza watoto wakati wa likizo. Korona ikabadilisha mambo. Nyumbani kwao alikuwepo mama mkwe, mzee mwenye sukari na presha, na anti alikuwa akitoka wodini asubuhi akiogopa hata kushika kitasa cha mlango. Basi gari likaegeshwa kando ya nyumba, naye akahamia humo. Watoto walimpungia mkono kupitia dirishani.

Usidhani alikuwa peke yake. Machi mwaka huo wanawake wawili wa Texas walianzisha kundi la Facebook lililoitwa RVs 4 MDs, kazi yake ikiwa kuwaunganisha wenye magari hayo yaliyokaa bure na madaktari na wauguzi waliohitaji pahali pa kulala mbali na familia zao.

Sasa ona mtego. Gari likienda gereji, muuguzi hana kitanda na mama mkwe yuko hatarini. Likibaki, waranti inaisha, maji yanaozesha mbao za paa polepole, na gharama yote inamwangukia yeye. Kule Marekani paa la gari kama hilo likioza si mchezo, ni maelfu ya dola.

Mimi nilikuwa nimeacha chuo, sina kazi, lakini nilikuwa na laptopu, bando na usiku mrefu. Nikawa karani wake. Yeye anatuma picha, mimi napanga. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Dai kwanza, gereji baadaye

Anti alipiga simu pale aliponunulia gari. Wakamwambia miadi ya karibu ni wiki saba. Hesabu mwenyewe: waranti imebakisha nne.

Sababu ya foleni hiyo inashangaza. Magari haya mengi huundwa katika jimbo la Indiana, hasa eneo la Elkhart. Viwanda vilifungwa mwishoni mwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, vikaanza kufunguliwa Mei. Ungedhani hakuna mtu angewaza kununua. Wapi! Watu walioogopa ndege na hoteli waliyakimbilia. RV zilizotoka viwandani mwaka huo, zile za kujiendesha na zile za kukokotwa, zilipita 430,000, kutoka kama 406,000 mwaka wa 2019. Mwaka wa 2021 zikapita 600,000. Mafundi walewale, vipuri haba, magari kibao.

Kosa ambalo karibu tulifanye ni kudhani kwamba cha muhimu ni siku gari litakapoingia gereji. Kwa kawaida cha muhimu ni siku ulipotoa taarifa. Usiku uleule nilimwandikia baruapepe ya kampuni iliyounda gari: tarehe ya kununua, nambari ya gari, kasoro zote, na ombi moja la mwisho, kwamba wathibitishe kwa maandishi kuwa dai limepokelewa kabla ya waranti kuisha. Jibu lilichukua siku tano. Lilikuja na nambari ya dai. Anti aliniambia usingizi wake ulirudi siku hiyo, ingawa paa bado lilikuwa likivuja.

Kwa hivyo usiridhike na “tumekusikia” ya kwenye simu. Maneno ya simu hayana tarehe.

Gari moja, waranti nyingi

Jambo lingine lililonifungua macho: gari-nyumba halina waranti moja. Chesisi na injini huundwa na kampuni ya magari kama Ford au Mercedes-Benz, kisha kampuni nyingine inajenga nyumba juu yake. Friji ina kampuni yake, kiyoyozi kina yake, mtambo wa kupasha maji una yake. Waranti ya nyumba mara nyingi ni mwaka mmoja, ya injini huwa ndefu zaidi. Ukichanganya, utarushwa kama mpira, huyu anasema nenda kwa yule.

Tuligawa kasoro kumi na moja katika makundi. Kwa kila kifaa anti alipiga picha kile kibandiko chenye modeli na nambari, mara nyingi kimefichwa nyuma ya mlango wa friji au chini ya sinki. Nikaandika kila kasoro kwenye mstari wake: ni nini, iko wapi, ilianza lini, na fundi afanye nini aione.

Hilo la mwisho usilidharau. Ukiandika “friji mbaya,” fundi ataiwasha kwa stima, itapoa vizuri, ataandika “hakuna tatizo” na umekwisha. Friji ya anti ilikuwa ikipoa kwa stima lakini ikikataa kwa gesi. Tuliandika hivyo hasa. Pia alibandika utepe wa rangi ya buluu, ule wa wapaka rangi, penye kila kasoro na kuandika nambari ya mstari juu yake. Fundi akiingia anasoma ukuta kama ramani.

Picha ya utani iliyookoa paa

Hapa ndipo mambo yalikaribia kuharibika. Kampuni ilijibu: mtuonyeshe kwamba mmekuwa mkikagua gundi ya kuziba maungio ya paa kila siku 90, kama kitabu cha mwongozo kinavyosema.

Kitabu gani? Kilikuwa kwenye droo, bado kimo ndani ya plastiki. Magari mengi ya aina hii humtaka mwenyewe apande juu kila baada ya miezi kadhaa, atazame nyufa na kuziziba. Usipofanya hivyo, dai la paa linaweza kukataliwa. Anko aliapa kwamba alikuwa akipanda. Lakini kiapo si risiti.

Nikaingia kwenye kundi la WhatsApp la familia, nikaanza kurudi nyuma, kupitia maua ya asubuhi njema, video za wahubiri na michango ya mazishi. Novemba 2019 nikampata: anko juu ya paa, kaptula, bomba la gundi mkononi, na anti ameandika kwamba mzee wake amekuwa paka. Februari yuko tena, sasa na kofia ya baridi. Ya Mei haikuwepo, lakini anko alikumbuka amenunua gundi dukani kwa kadi, na taarifa ya benki ikaonyesha siku na duka. Skrinshoti tatu. Dai la paa likapita.

Wakati tukingoja, anti alifunika paa kwa turubai na kupiga picha. Ukiacha maji yaendelee kuingia makusudi, watasema uharibifu mwingine ni wako. Ila usianze kuchimba na kuziba kivyako, maana watasema pia ndiwe uliyeharibu. Zuia, piga picha, ngoja.

Kulikabidhi wakati wa janga

Tuliomba jambo moja zaidi: gari lisichukuliwe hadi vipuri vifike. Gereji nyingi hupenda gari likae uani kwao likingoja. Kwa mtu anayelala ndani, kila siku ya kungoja ni siku bila paa. Walikubali. Vipuri vilifika mwishoni mwa Agosti, waranti ikiwa imeshapita, na nambari ya dai ikafanya kazi yake. Anti akahamia moteli karibu na hospitali.

Kabla ya kuondoka aliondoa nguo zote, chakula, stakabadhi na dawa. Alifungua na kuacha wazi makabati yaliyo karibu na kasoro, kwa sababu fundi hana kazi ya kuhamisha sufuria zako. Akamwaga tangi la choo na la maji machafu kwenye kituo cha kumwagia, kisha akayasuuza. Akafunga gesi. Akapiga video ya kila kona, nje na ndani, pamoja na maili zilizosomeka, ili mkwaruzo mpya ukitokea ijulikane ulitoka wapi.

Na korona je? Alikuwa mkweli. Aliwaambia gereji kwamba humo analala muuguzi anayehudumia wagonjwa wa korona. Aliogopa watalikataa gari. Badala yake walipanga naye. Utafiti wa wakati ule ulikuwa umeonyesha kwamba virusi vinaweza kukaa kwenye plastiki hadi siku tatu, kwa hivyo alipangusa usukani, swichi, vitasa na mabomba kwa dawa, akafungua madirisha, akaliacha tupu siku tatu nzima. Siku ya nne anko alilipeleka, akatumbukiza ufunguo kwenye kisanduku mlangoni, akaondoka bila kumgusa mtu. Karatasi zilitiwa sahihi kwa simu.

Fundi anayeingia kwenye gari hilo naye ana mama mkwe kwao. Anti alisema hivyo, na mimi sijalisahau.

Mambo yaliishaje?

Katika kasoro kumi na moja, tisa zilitengenezwa bure, paa likiwemo. Ya friji ilienda kwa kampuni ya friji. Moja ilikataliwa: kitambaa cha kivuli kilichoraruliwa na upepo. Hiyo haikuwa kasoro ya kiwandani, na kusema kweli hatukuwa na la kubisha. Siku tisa baadaye anti alirudi kulala kwenye kitanda kikavu. Mama mkwe hakuambukizwa.

Najua unawaza: mimi na gari-nyumba wapi na wapi? Mimi pia naishi kwenye bedsita. Lakini una simu. Una runinga uliyonunua kwa kulipa polepole, au pikipiki ya mkopo inayolisha nyumba. Katiba yetu, Kifungu cha 46, inakupa haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, na fidia ukipata hasara kwa sababu ya kasoro. Ila haki hiyo utaidai kwa kitu gani, kama risiti ilififia na kibao cha kifaa hujawahi kukisoma?

Basi ukimaliza kusoma hapa, inuka. Piga picha risiti kabla wino haujapotea. Piga picha kibandiko kilicho nyuma ya kifaa. Andika kwenye simu siku ambayo waranti inaisha, na kengele ilie mwezi mmoja kabla. Kisha zitume zote kwenye kundi la familia, na uweke utani juu yake ili zisisahaulike.